García Robles: balozi wa Mexico aliyekwamua mkataba wa kukataza bomu la atomiki

Mwezi wa Oktoba 1962, kwa muda wa siku 13, dunia ilikaribia vita vya nyuklia kuliko wakati mwingine wowote. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umepeleka makombora ya nyuklia nchini Cuba, na Marekani ikazingira kisiwa hicho kwa meli za kivita. Raia wa Amerika ya Kilatini walitambua kwamba wangeweza kuangamia katika ugomvi wa wakubwa wawili bila mtu yeyote kuwauliza maoni yao.

Wakati huo balozi wa Mexico nchini Brazil alikuwa mwanasheria mwenye umri wa miaka 51, Alfonso García Robles. Miaka zaidi ya minne baadaye, tarehe 14 Februari 1967, nchi za eneo hilo zilianza kutia sahihi mkataba wa kwanza duniani unaokataza silaha za nyuklia katika eneo kubwa linalokaliwa na watu. Unaitwa Mkataba wa Tlatelolco, kwa jina la mtaa wa mji mkuu wa Mexico ambako wizara ya mambo ya nje ilikuwa na ofisi zake.

Kati ya tarehe hizo mbili mazungumzo yalikwama zaidi ya mara moja. Marais walipinduliwa, nchi kubwa zikasita, na Cuba ikakataa hata kukaa mezani. Kama mkataba ulipatikana, ni kwa sababu kikundi cha nchi jirani kilishikamana, na kwa sababu mtu mmoja alijua namna ya kutafuta maneno ambayo kila upande ungeweza kuyakubali.

Mashariki mwa Kongo, mazungumzo ya kuweka silaha chini huwahusu zaidi wapiganaji wa makundi yenye silaha. García Robles alishughulika na jambo lingine: serikali zenyewe, na silaha ambazo moja tu ingetosha kuteketeza mji. Lakini swali lililomsumbua linafahamika kwa wengi hapa: ufanye nini pale ambapo wengi wamekubali, na wachache wenye nguvu wanataka kusubiri?

Mwanasheria kutoka Zamora

Alfonso García Robles alizaliwa tarehe 20 Machi 1911 katika mji wa Zamora, jimbo la Michoacán, magharibi mwa Mexico. Wakati huo nchi yake ilikuwa ndani ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910 na kuua watu wengi sana. Alisomea sheria kwenye chuo kikuu cha taifa katika mji mkuu, kisha akaendelea na masomo mjini Paris na kwenye Akademia ya Sheria za Kimataifa mjini La Haye, Uholanzi.

Mwaka 1939, mwaka ambao Vita vya Pili vya Dunia vilianza, aliingia katika kazi ya kidiplomasia na kutumwa Sweden. Mwaka 1945 alikuwa katika ujumbe wa Mexico mjini San Francisco, ambako Umoja wa Mataifa ulianzishwa. Majuma machache baadaye Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima, na siku tatu baada ya hapo lingine juu ya Nagasaki.

Kuanzia mwaka 1946 hadi 1957 alifanya kazi kwenye sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, akiongoza kitengo kilichohusika na mambo ya siasa. Alimwoa mwanamke wa Peru ambaye naye alifanya kazi kwenye shirika hilo, na wakapata wana wawili. Miaka hiyo kumi na moja ilimfundisha kazi ambayo watu wachache huiona: kuandika na kuandika upya nakala za maazimio mpaka wapinzani wawili waache kuzipinga.

Barua kwa marais wanne

Wazo la kuifanya Amerika ya Kilatini eneo lisilo na silaha za nyuklia halikuwa la García Robles peke yake. Brazil ililizungumzia kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 1962, na baada ya mgogoro wa Cuba ikaandaa azimio pamoja na Bolivia, Chile na Ecuador. Azimio hilo halikufika mbali. Cuba ilisema haitakubali ikiwa Marekani haiondoi kambi zake za kijeshi, ikiwemo ile ya Guantánamo katika ardhi ya Cuba yenyewe, na ikiwa mkataba haugusi mfereji wa Panama na Puerto Rico.

García Robles aliyafuatilia mambo hayo akiwa Rio de Janeiro, na akamshawishi rais wake, Adolfo López Mateos, kwamba njia nyingine ilikuwepo. Badala ya kupeleka hoja moja kwa moja mbele ya dunia nzima, Mexico ingeanza na marafiki wachache waliokwisha kuonyesha nia. Mwezi wa Machi 1963 López Mateos aliwaandikia marais wa nchi nne: Bolivia, Brazil, Chile na Ecuador. Wote wanne walikubali. Tarehe 29 Aprili 1963 marais watano walitoa tangazo la pamoja kwamba wako tayari kufunga mkataba wa kutotengeneza, kutopokea, kutohifadhi wala kutojaribu silaha za nyuklia.

Nchi hizo tano ndizo zilizobeba jambo hilo hadi New York. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuwaunga mkono, bila kura hata moja ya kupinga, ingawa kulikuwa na nchi zilizojizuia.

Marais wanaondoka, kazi inabaki

Mambo yaliharibika karibu mara moja. Mwezi wa Julai 1963, Carlos Julio Arosemena wa Ecuador alipinduliwa na jeshi. Mwanzoni mwa Aprili 1964 ikawa zamu ya João Goulart wa Brazil. Mwezi wa Novemba 1964, Víctor Paz Estenssoro wa Bolivia naye aliondolewa na wanajeshi. Jorge Alessandri wa Chile na López Mateos mwenyewe walimaliza muda wao na kuondoka madarakani mwaka huohuo wa 1964. Kabla ya miaka miwili kutimia, hakuna hata mmoja kati ya marais watano aliyekuwa bado ofisini.

Brazil, nchi kubwa kuliko zote katika kikundi hicho, ndiyo iliyobadilika zaidi. Utawala mpya wa kijeshi haukuvunja ahadi ya mwaka 1963 waziwazi, lakini ulianza kuitazama kwa mashaka. Majenerali hawakutaka kufunga mlango ambao siku moja wangehitaji kuupita.

García Robles alirudi Mexico mwaka 1964 na kuwa naibu waziri wa mambo ya nje. Mwezi wa Novemba mwaka huo nchi za Amerika ya Kilatini zilikutana katika mji mkuu wa Mexico na kuunda tume ya kuandaa mkataba. Tume hiyo ilifanya vikao vinne kati ya Machi 1965 na Februari 1967, na García Robles ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake.

Mbinu yake ya kwanza ilikuwa kuigawa kazi. Mipaka ya eneo ilijadiliwa kando. Ukaguzi ulijadiliwa kando, na ukakabidhiwa kwa sehemu kubwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mazungumzo na nchi zinazomiliki bomu nayo yakawa na njia yake. Kwa namna hiyo, jambo moja lilipokwama, mengine yaliweza kuendelea.

Mbinu ya pili ilikuwa kutofunga mlango kwa mtu. Mexico ndiyo nchi pekee ya Amerika ya Kilatini iliyokataa kukata uhusiano na Cuba mwaka 1964, wakati Shirika la Nchi za Amerika lilipoamuru hivyo. Cuba haikuhudhuria vikao vya tume, lakini mwenyekiti alikuwa wa nchi ambayo bado ilikuwa na balozi mjini Havana.

Ufunguo ashike nani?

Tatizo kubwa kuliko yote lilikuwa siku ya mkataba kuanza kufanya kazi. Mexico na nchi nyingi ndogo zilitaka uanze mara tu nchi kadhaa zitakapouridhia. Brazil na Argentina zilisema hapana: mkataba uanze pale tu nchi zote za eneo zitakapokuwa ndani, pale nchi za nje zenye makoloni katika eneo hilo zitakapojifunga, na pale nchi zote zinazomiliki silaha za nyuklia zitakapoahidi kutozishambulia.

Hoja ya Brazil na Argentina ilikuwa na mantiki yake. Kwa nini mtu ajifunge mikono huku jirani yake akibaki huru? Lakini ingekubaliwa jinsi ilivyo, Cuba peke yake, au mji mkuu wowote wenye bomu, ungeweza kuzuia kila kitu kwa kutofanya lolote. Na kama hoja ya Mexico ingelazimishwa kwa wingi wa kura, Brazil na Argentina zingetoka nje, na mkataba usiozigusa nchi zenye uwezo wa kutengeneza bomu ungebaki karatasi.

Kinachoeleza vizuri suluhisho la García Robles ni mfano wa majirani wanaotaka kuleta bomba la maji. Wengine wako tayari kulipa leo, wengine wanasema hawalipi mpaka kila nyumba ilipe. Suluhisho ni kuandika masharti yote kwenye mapatano, kisha kumruhusu kila anayetaka kusamehe masharti hayo kwa upande wake aanze mara moja.

Ndivyo kifungu cha 28 kilivyoandikwa. Mkataba ulihitaji masharti yote ambayo Brazil na Argentina zilidai. Lakini kila nchi ilikuwa na haki ya kutangaza kwamba haihitaji kungojea, na kuanzia siku hiyo mkataba ungekuwa na nguvu kwake. Waliokuwa na haraka waliweza kutembea, na waliokuwa na mashaka hawakufukuzwa chumbani.

Mambo mengine yaliachwa bila kuandikwa. Kuhusu kupitisha silaha za nyuklia katika bahari na viwanja vya ndege vya eneo hilo, jambo lililoihusu sana Marekani, mkataba ulinyamaza na kuiachia kila nchi uamuzi. Kuhusu milipuko ya nyuklia kwa kazi za amani, kama kuchimba mifereji, maneno yaliyochaguliwa yaliruhusu Brazil na Argentina kusema kwamba imeruhusiwa, na wengine kusema kwamba imekatazwa. Wakosoaji waliuita udhaifu, nao hawakukosea kabisa. Lakini bila maneno hayo nchi hizo mbili zisingetia sahihi.

Nchi 14 zilitia sahihi siku ya kwanza. Brazil ilifuata mwezi wa Mei 1967 na Argentina mwezi wa Septemba. Tarehe 25 Aprili 1969, nchi 11 zilikuwa zimeridhia na kusamehe masharti ya kungojea. Idadi hiyo ilitosha kuanzisha shirika la kusimamia mkataba, lenye makao yake katika mji mkuu wa Mexico.

Kuwafuata wenye bomu

Itifaki mbili ziliambatanishwa na mkataba. Moja ilizihusu nchi za nje zenye ardhi katika eneo: Marekani, Uingereza, Ufaransa na Uholanzi. Nyingine ilizitaka nchi tano zinazomiliki bomu kuahidi kutotumia silaha hizo, wala kutishia kuzitumia, dhidi ya nchi za mkataba.

Kwa miaka mingi García Robles na washirika wake walirudi na ombi lilelile. Kila mwaka Baraza Kuu lilipokutana, hoja iliwekwa mezani, na nchi isiyotia sahihi ilitajwa. Uingereza iliridhia mwaka 1969, Marekani mwaka 1971, Ufaransa na China mwaka 1974. Muungano wa Kisovieti, uliokuwa ukisitasita kwa kiasi fulani kwa ajili ya rafiki yake Cuba, uliridhia mwaka 1979. Nchi ambazo hazikuelewana karibu juu ya jambo lolote lingine zilitia majina yao kwenye karatasi moja.

Wakati huo García Robles alikuwa tayari amepita kwenye vyeo vingine: mwakilishi wa Mexico kwenye Umoja wa Mataifa kuanzia 1971 hadi 1975, kisha waziri wa mambo ya nje kwa karibu mwaka mmoja. Kuanzia 1977 aliwakilisha nchi yake Geneva, kwenye mazungumzo ya kupunguza silaha.

Geneva, meza moja na Zaire

Geneva kulikuwa na mkwamo wa aina nyingine. Tangu mwaka 1962, mazungumzo yaliongozwa na wenyeviti wawili wa kudumu, Marekani na Muungano wa Kisovieti. Ajenda ilisonga pale tu wawili hao walipotaka. Ufaransa ilikataa kukalia kiti chake, na China haikuwemo kabisa.

Nchi zisizofungamana na upande wowote ziliamua kupeleka jambo hilo New York. Mwezi wa Mei 1978 Baraza Kuu lilifungua kikao chake cha kwanza maalumu juu ya kupunguza silaha. García Robles alipewa kazi ngumu ya kuunganisha mapendekezo yaliyopingana kuwa andiko moja. Mwishoni, andiko la vifungu 129 lilikubaliwa na wote bila kupigiwa kura. Liliweka uondoaji wa silaha za nyuklia juu ya orodha ya kazi, na likaondoa uenyekiti wa wakubwa wawili.

Kamati mpya ya Geneva ilikuwa na wajumbe 40, na uenyekiti ukawa wa kuzunguka. Ufaransa ilirudi mwaka 1979, na China ikakalia kiti chake mwaka 1980. Kati ya nchi za Afrika zilizokuwa wajumbe ilikuwemo Zaire, jina la Kongo wakati huo, pamoja na Algeria, Ethiopia, Kenya, Misri, Morocco na Nigeria. Mexico, Zaire na Sweden zilikaa katika kikundi kimoja, kile cha nchi 21 zisizokuwa upande wa NATO wala wa Moscow, kilichokuwa kikipanga msimamo wake pamoja kabla ya vikao.

Mwaka 1982 kikao cha pili maalumu kilifanyika New York na kushindwa. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto tena, na wajumbe walitengana bila kukubaliana juu ya mpango wa kazi ambao García Robles alikuwa ameupigania Geneva kwa miaka. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, Kamati ya Nobel mjini Oslo ilitangaza kwamba tuzo ya amani itagawanywa kati yake na Alva Myrdal, mwanamke wa Sweden aliyeongoza ujumbe wa nchi yake Geneva kwa zaidi ya miaka kumi. García Robles alikuwa raia wa kwanza wa Mexico kupata tuzo ya Nobel.

Kutoka Shinkolobwe hadi Pelindaba

Kwa Kongo, historia ya bomu si jambo la mbali. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu yake ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi katika Katanga, chini ya ukoloni wa Ubelgiji. Wachimbaji Wakongo hawakuambiwa madini hayo yalikuwa ya kazi gani.

Mwaka 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, nchini Algeria. Mwezi wa Julai 1964, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo na kutangaza kwamba wanataka bara lisilo na silaha za nyuklia. Wakati huo nchi za Amerika ya Kilatini zilikuwa bado hazijaanza kuandika mkataba wao. Lakini Afrika ilibaki kungojea zaidi ya miaka 30, kwa sababu utawala wa ubaguzi wa Afrika ya Kusini ulikuwa ukitengeneza bomu kwa siri.

Afrika ya Kusini ilipoyaharibu mabomu yake, njia ilifunguka. Mkataba wa Pelindaba ulitiwa sahihi Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kufanya kazi mwaka 2009. Kama ule wa Tlatelolco, nao una itifaki za kuwafunga wenye bomu, na unatumia ukaguzi wa shirika lilelile la kimataifa. Kabla yake, Pasifiki ya kusini ilikuwa imefanya hivyo mwaka 1985, na Asia ya kusini-mashariki mwaka 1995.

Waliochelewa

García Robles hakuona nchi zote zikiingia. Brazil iliridhia mkataba mwaka 1968 lakini bila kusamehe masharti, hivyo haikufungwa nao. Argentina ilitia sahihi bila kuridhia. Katika miaka ya 1970 na 1980 nchi zote mbili, chini ya majenerali, ziliendesha miradi ya nyuklia iliyofichwa wakaguzi. Walioucheka mkataba wa Tlatelolco walitumia mfano huo.

Utawala wa kijeshi ulipoondoka, Argentina mwaka 1983 na Brazil mwaka 1985, marais wapya walianza kuzungumza na kutembelea vituo vya nyuklia vya kila upande. Tarehe 18 Julai 1991, serikali hizo mbili zilifunga mapatano ya kutumia nyuklia kwa amani tu na kukaguana zenyewe. Walitia sahihi Guadalajara, nchini Mexico.

Alfonso García Robles alifariki katika mji mkuu wa Mexico tarehe 2 Septemba 1991, akiwa na umri wa miaka 80. Ilikuwa imepita majuma sita na siku chache tu tangu sahihi za Guadalajara.

Mwaka 1994 Argentina, Chile na Brazil zilitumia kifungu alichokiandika miaka 27 kabla: zilisamehe masharti, na mkataba ukaanza kuzifunga. Nchi ya mwisho ilikuwa Cuba. Iliridhia mwezi wa Oktoba 2002, miaka 40 kamili baada ya siku 13 za makombora, na nchi zote 33 za Amerika ya Kilatini na Karibi zikawa ndani.